Karatasi ya mshahara isomwe nyumbani

Jioni moja ya mwaka 2024, sala ya jumuiya yetu ilipokwisha huko Katuba, ndugu mmoja, fundi wa umeme, alituwekea mezani karatasi mbili za mshahara. Moja ilitoka kwa mwajiri aliyemwacha, nyingine kwa mwajiri aliyempokea. Mshahara wa jumla ulikuwa uleule, faranga 1,000,000 kwa mwezi, lakini fedha zilizofika mkononi zilikuwa zimepungua. Alipouliza ofisini alijibiwa kwa maneno mawili tu: “Serikali imekata.” Naye akanyamaza. Kunyamaza huko ndiko tunakotaka kukutafakari, kwa maana si kwake peke yake.

Wazee wetu wa Lubumbashi walikuwa na desturi nyingine. Mtu aliingia Union Minière, ambayo baadaye ikawa Gécamines, akiwa kijana, akatoka akiwa na mvi. Nyumba, posho, shule ya watoto, hospitali, pamoja na hesabu zote za makato, vilikuwa mikononi mwa kampuni. Mfanyakazi hakuhitaji kujua, kwa kuwa aliyejua hakubadilika. Enzi hiyo ilikwisha. Mwaka 2003 na 2004 watu zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Leo vijana wetu huhama kutoka mgodi hadi mgodi, kutoka kampuni ndogo hadi nyingine, leo Likasi, kesho Kolwezi. Kila wanapohama, kumbukumbu zao hubaki katika kabati la mwajiri wa zamani. Kazi imebadilika, bali mazoea yetu ya kutouliza yamebaki palepale.

Tulizisoma zile karatasi pamoja. Kwanza hukatwa mchango wa mfanyakazi kwa CNSS, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Nao ni asilimia 5, yaani faranga 50,000. Zinabaki 950,000, nazo ndizo zilizotozwa kodi ya mishahara, ile tuliyoiita IPR. Mwaka 2024 kodi hiyo ilipanda kwa ngazi. Faranga 162,000 za kwanza za mwezi zilitozwa asilimia 3, yaani 4,860. Zilizofuata, hadi 1,800,000, zilitozwa asilimia 15. Kwa ndugu yetu ni asilimia 15 ya 788,000, yaani 118,200. Jumla ni 123,060. Juu ya hapo kulikuwa na ngazi ya asilimia 30 na ya asilimia 40, ingawa kodi yote kwa pamoja haikuweza kuzidi asilimia 30 ya mapato yaliyotozwa.

Basi tofauti ilitoka wapi? Ilitoka katika mstari mmoja uliokuwa katika karatasi ya kwanza na usiokuwemo katika ya pili. Sheria ya wakati huo ilimpunguzia mfanyakazi asilimia 2 ya kodi yake kwa kila mtu anayemtegemea, hadi watu 9. Ndugu yetu ana mke na watoto watano. Punguzo lake lilikuwa asilimia 12, karibu faranga 14,767 kwa mwezi, zaidi ya 177,000 kwa mwaka. Mwajiri wa zamani alikuwa na cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mwajiri mpya hakuwa navyo, wala hakuviomba. Katika hesabu zake, baba huyu wa watoto watano alikuwa mseja.

Hapo Serikali haikuongeza kitu. Familia nzima ilikuwa imesahauliwa katika karatasi, na hakuna aliyeona. Tunasema bila kuficha kwamba lawama ni ya pande mbili. Ofisi inayoajiri mtu bila kumuuliza habari za nyumba yake inamdhulumu, hata kama haikukusudia. Nasi tunaopokea karatasi ya mshahara, tukaangalia tarakimu ya mwisho tu na kuikunja, tunawadhulumu watoto wetu wenyewe.

Kuna mambo mengine ambayo mtu anayebadili kazi hana budi kuyaangalia. Namba yake ya CNSS ni moja kwa maisha yake yote ya kazi. Ndiyo inayounganisha michango ya waajiri mbalimbali. Mkataba unapokwisha, kwa sababu yoyote ile, mwajiri analazimika kumpa cheti kinachoonyesha kazi aliyoifanya, siku aliyoanza na siku aliyomaliza, pamoja na namba hiyo. Asiyekidai cheti hicho leo ataanza kukitafuta akiwa mzee, pengine kampuni yenyewe imekwisha kufungwa. Tena, mwajiri naye ana mchango wake kwa CNSS, asilimia 13, pamoja na michango ya INPP na ONEM. Hiyo ni juu yake, na haifai kuonekana kati ya makato ya mfanyakazi. Na wenzetu ambao mikataba yao imeandikwa kwa dola wakumbuke kwamba ngazi za kodi zimeandikwa kwa faranga. Faranga ikishuka thamani, dola zilezile huwa faranga nyingi zaidi, na kodi hupanda bila mshahara kuongezeka.

Tunawasikia wanaosema: “Ya nini kujifunza hayo yote? Barabara zetu ni mashimo, kodi zinaliwa.” Uchungu wao tunaufahamu, kwa maana tunapita katika mashimo hayohayo. Lakini ujinga wetu haujaziba shimo hata moja. Asiyejua alichotoa atawezaje kuuliza kilikokwenda? Wengine hutafuta njia ya mkato: wanakubaliana na mwajiri aandike mshahara mdogo, na sehemu nyingine waipokee mkononi. Wanaona wamefaidika. Lakini mchango mdogo huzaa pensheni ndogo, na siku ya ajali kazini huhesabiwa kile kilichoandikwa. Mjane hawezi kudai fedha ambazo mumewe alizipokea gizani.

Na kwa ndugu zetu waajiri, ambao baadhi yao tunakaa nao benchi moja kanisani, tuna neno. Fedha iliyokwisha kukatwa katika mshahara wa mtu si mali yenu. Kodi yapasa kufika kwa DGI kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata kupita, na mchango yapasa kufika kwa CNSS. Kuizungusha katika biashara, hata kwa nia ya kuirudisha, ni kula jasho la mtu mwingine. Tangu barua ya Papa Leo XIII juu ya wafanyakazi, mwaka 1891, Kanisa limeuhesabu mshahara wa haki kuwa jambo la dhamiri, na tunaamini kwamba makato yake ni sehemu ya mshahara huo.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo dogo. Katika kila jumuiya wamo wenye ujuzi wa uhasibu, walio kazini na waliostaafu. Watenge jioni moja kila mwezi, wasaidie kusoma karatasi za mshahara, kwa siri ya yule anayehitaji siri. Mama wa nyumba awepo pia, kwa kuwa vyeti vya watoto mara nyingi yeye ndiye anayevitunza.

Fundi wetu alipeleka vyeti vyake ofisini. Mwezi uliofuata punguzo lilionekana katika karatasi yake. Punguzo la miezi minne iliyotangulia bado analidai, kwa maandishi na kwa adabu. Hanyamazi tena.