Lamu Wanatukumbuka Mvua Ikinyesha

Wacha niseme, na wenye gesti wakasirike. Kwa utalii wa Pwani, sisi Wakenya ni spea. Tunatolewa kwa buti gurudumu la mzungu likipata pancha, halafu tunarudishwa hapo hapo.

Angalieni historia. 2014 watu wakauawa Mpeketoni, wageni wa ng'ambo wakakimbia, ghafla tukawa ndugu. Machi 2020 ndege za kimataifa zikasimamishwa, ofa za Wakenya zikajaa kila simu. Ndege zikarudi, na dola nazo zikarudi.

Aprili shule zikifungwa nilimpeleka mathe na wadogo wangu wawili Lamu. Mathe anauza mboga Kangemi, mimi tangu niache chuo nakula video, kwa hivyo ndege ya Wilson sahau. Basi hadi Mombasa, lingine hadi Mokowe, kisha boti. Tukapata gesti ndogo ndani ya Mji wa Kale, kuta nene za mawe ya matumbawe, wageni ni sisi peke yetu. Ilinyesha siku mbili mfululizo. Tulikaa darini chini ya makuti tukila mahamri na mbaazi. Vichochoro havina magari, ni punda tu, kwa hivyo wadogo wangu walizurura bila mtu kuwapigia kelele. Mathe alilala mchana. Mathe! Sijawahi kumuona akilala mchana.

Chumba cha sisi wanne kilikuwa 4,000 kwa usiku, pamoja na chai ya asubuhi.

Akataka turudi Desemba na shangazi. Nikatuma ujumbe. Jibu: dola 120 chumba kile kile. Nikauliza bei ya Mkenya, nikaambiwa hiyo ni ya msimu wa mvua.

Najua mtasema biashara ni biashara, wateja wakiwa wengi bei inapanda. Sawa, ipandisheni. Hata mabasi ya River Road hupandisha nauli Desemba, tunanung'unika na tunalipa. Lakini yanapandisha kwa shilingi! Nyumba iko Kenya, mpishi analipwa shilingi, mimi nalipa kwa M-Pesa. Dola ya nini, kama si kuniambia ni nani unayemtaka mlangoni?

Na msinitume Mei eti ndiyo bei nzuri zaidi. Mei watoto wako darasani, na nyumba nyingi huko hufungwa kabisa.

Halafu jiulizeni: Aprili, bahari ikichafuka na vyumba vikiwa vitupu, nani alimlipa yule mpishi? Nani alimlipa nahodha wa boti? Ni muuza sukuma wa Kangemi, na hakuomba apunguziwe hata shilingi.

Kama una gesti Lamu na Desemba unatoza kwa shilingi, nitumie bei yako. Nitaiposti bure, na nitakuletea mathe.