BASTOLA NA CHUPA MEZA MOJA



Twaomba nafasi kidogo tunene juu ya jambo la nchi ya mbali, jimbo la Tennessee katika Marekani, kwa kuwa ndani yake mna kosa ambalo karani yeyote aweza kulitambua.

Mwaka 2009 Baraza la jimbo hilo lilitunga sheria ya kumruhusu mwenye cheti cha bastola kuingia nayo katika hoteli ya chakula iuzayo vileo, mradi yeye mwenyewe asinywe. Gavana Phil Bredesen akaikataa. Lakini kule wingi uleule upitishao sheria watosha kulishinda katazo la gavana, yaani kura 50 katika 99 za baraza moja na 17 katika 33 za la pili. Basi wakaipitisha bila ridhaa yake.

Sheria ile ilitaja hoteli ambayo kazi yake kubwa ni kuandaa chakula. Ni nani apimaye kazi kubwa? Nyumba ilishayo watu mchana na kuwanywesha usiku, ni hoteli au ni kilabu? Je, mwenye bastola asimame mlangoni aombe daftari la mapato kabla ya kuketi? Novemba mwaka uleule jaji mmoja wa Nashville aliibatilisha kwa sababu hiyo ya maneno yasiyo dhahiri. Nasi twamsifu. Tumepata kuletewa waraka ulioagiza tupokee maombi “ya haraka” tu, pasipo kuambiwa haraka ni nini, na matusi ya waliorudishwa yakatuangukia sisi tulio dirishani.

Mwaka 2010 Baraza lilifungua fundo hilo kwa namna ya ajabu: badala ya kuuonyesha mpaka, liliung’oa, na vilabu vikaingia pia. Gavana akakataa tena, akashindwa tena.

Watetezi wasema kwamba mtu mtii wa sheria, asiyelewa, hastahili kunyimwa silaha ya kujilinda, na kwamba jambazi hasomi matangazo. Hayo hatuyapuuzi. Lakini bastola imefichwa chini ya koti, na mtumishi wa meza ndiye amiminaye. Atajuaje ni nani asiyepaswa kumiminiwa? Tena Oktoba 2011 mbunge Curry Todd, aliyeuleta mswada huo Barazani, alikamatwa Nashville akiendesha motokaa hali amelewa, na bastola yenye risasi imo garini. Mwaka 2013 alikiri makosa. Hatusemi alitoka nayo hotelini. Twasema cheti hakikumzuia kunywa.

Mwenye nyumba aweza kubandika tangazo la kukataza, wasema. Naam, lakini mzigo umewekwa begani pa nani? Yeye ndiye wa kuwaudhi wateja kwa kukataza, na akinyamaza amekubali. Twataka kinyume chake: bastola ibaki nje ya kila nyumba iuzayo vileo, isipokuwa mwenye nyumba ameandika mlangoni, kwa jina lake, kwamba ameiruhusu.