Debe limeongezeka, kwa nini utume gunia zima?

Leo tuache siasa kidogo tuzungumzie bando.

Sisi waandishi tunaozunguka Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, Lituhi, Liuli mpaka Mbamba Bay, tunabeba mafaili ya aina mbili. Kuna linalokua mwishoni tu, kama rekodi ndefu ya kikao cha madiwani ambacho bado kinaendelea. Na kuna linalorekebishwa katikati, kama habari yenyewe. Kusubiri kikao kiishe ni hatari, umeme ukikatika umekwisha. Lakini kupandisha kila kitu upya kila nusu saa ni kuchoma pesa.

Dawa ipo tangu 1996. Andrew Tridgell na Paul Mackerras, wakiwa Australia, walitoa programu ya bure iitwayo rsync. Kompyuta inayopokea huigawa nakala yake ya zamani vipande vipande na kutuma alama fupi ya kila kipande. Inayotuma hulinganisha, kisha hutuma kile tu kilichokosekana. Kwa habari iliyorekebishwa, hapo kazi imekwisha.

Kwa faili kubwa linalokua, kulinganisha lote kila mara ni kupoteza muda. Ndiyo maana kuna amri ya --append: inaangalia urefu tu, inatuma mkia. Tamu sana, ila ina sumu. Ukisahihisha takwimu katikati ya habari kisha ukaongeza aya mwishoni, mhariri atapata aya mpya na takwimu ya zamani. Hakuna kengele itakayolia, na kesho gazeti linatoka na uongo wenye jina lako.

Hata rekodi ya WAV si ya kuaminiwa moja kwa moja, maana mwanzoni mwake huandikwa ukubwa wa faili, na ukubwa huo hubadilika kadiri inavyokua.

Msimamo wangu ni huu: tenga mafolda mawili. Yanayorekebishwa yaende kwa njia ya kawaida. Yanayokua yaende kwa --append-verify, iliyopo tangu toleo la 3.0.0 la mwaka 2008. Hiyo hukagua faili zima mwishoni, na likikosea hurudia kwa njia ya kawaida.

Vyumba vya habari vinatufundisha kuandika vichwa vizuri. Vitufundishe na hili. Anayeumia kwa takwimu mbovu ni msomaji.