Mashauri kwa Wenye Motokaa: Usukani Usiotii

Mtu akaaye Kotile, katika Kaunti ya Garissa, hana karakana kubwa mlangoni pake. Njia za udongo za pande hizo hutikisa kila nati wakati wa kiangazi, na mvua zikinyesha udongo mweusi hunata magurudumuni. Kwa hiyo dereva aonapo usukani umebadilika, swali lake la kwanza ni hili: je, hitilafu hiyo yaweza kungoja hadi Garissa mjini, au gari lisimame papo hapo? Abiria walio nyuma, pengine na mgonjwa miongoni mwao, maisha yao yamo katika jibu hilo.

Usukani ukitetemeka gari liongezapo mwendo, tazama ndani ya rimu za mbele. Tope likikauka humo, upande mmoja wa gurudumu huwa mzito kuliko wa pili. Kijiti na maji vyatosha. Wako mafundi ambao wangekuuzia vyombo vipya kwa ugonjwa huo, nasi hatuwasifu.

Gari likivuta upande, pima kwanza upepo, maana huelekea penye mpira laini. Upepo ukiwa sawa, endesha kidogo pasipo kukanyaga breki, kisha usogeze mkono karibu na rimu zote mbili za mbele. Ile yenye joto kupita mwenzake, breki yake imekwama. Ilegezwe kabla ya safari. Usukani mzito nao mara nyingi ni upepo mdogo, au mafuta ya usukani yamepungua.

Lakini ulegevu ni jambo jingine. Gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake, mwenzako aupeleke usukani kulia na kushoto kidogo kidogo, nawe ushike kila kiungo cha vyuma viendavyo magurudumuni, ambavyo mafundi huviita tairodi. Kiungo kizima hupeleka nguvu mara moja; kibovu hucheza kwanza mkononi, ndipo gurudumu lifuate. Kisha inua gurudumu kwa jeki, uweke gogo imara chini ya gari. Shika mpira juu na chini, uutikise. Ukicheza, mwenzako akanyage breki: mchezo ukiisha, kosa ni la beringi, ukibaki, ni la boljointi au kingpini. Shika tena kulia na kushoto. Ikiwa huku tu ndiko unakocheza, mara nyingi ni tairodi.

Tairodi iliyolegea hivyo, au nati yake iliyopoteza pini, haingoji Garissa. Ikichomoka, gurudumu hugeukia litakako, na dereva hana la kufanya. Kuifunga kwa waya au kipande cha mpira ni dawa ya kuwatuliza abiria, si ya gari. Kadhalika kutia shokomzoba mpya ya usukani katika Land Rover au Land Cruiser huficha mtikisiko, na kilicholegea kikabaki kimelegea.

Fundi akibadilisha ncha ya tairodi mahali pasipo na chombo cha kupimia, ahesabu mizunguko ya kuifungua ile kuukuu, na mpya aiingize kwa mizunguko ile ile. Hapo magurudumu yatakaa karibu na mstari wake, na mipira haitalika upesi hata gari lifikishwe mjini kupimwa. Pini ya nati iwe mpya, wala si msumari.