Sababu Walikuwa Nayo. Uwezo Je?

Makamanda, leo siongelei uchaguzi. Naongelea hela.

Kila ukoo hapa Kemondo una kijana wake Dar anayeendesha gari au bajaji kwa aplikesheni. Wa kwetu ni kaka yangu, mtoto wa mama mdogo. Aplikesheni yake siitaji. Safari ya shilingi 10,000, kampuni inakata 2,500 kabla yeye hajashika kitu. Mafuta ni yake, bando ni lake, na hesabu ya tajiri jioni iko palepale. Siku aliyojiunga alibonyeza neno "kubali" kwenye simu, basi. Mimi nasoma sheria, na tunafundishwa kwamba mkataba ni hiari ya pande mbili. Kwa kaka hiyo hiari ilikuwa wapi?

Wazee wetu wanaujua mchezo huu kwa jina la butura. Kahawa bado maua, mtoto kafukuzwa ada, anakuja mtu na noti mkononi ananunua mavuno yote kwa bei ya huruma. Mwenye njia ya kwenda sokoni ndiye anayepanga bei, iwe kahawa iwe safari. Hata wanaotengeneza programu za simu wako humo humo: Apple ilikuwa ikikata asilimia 30 ya mauzo, na ni baada ya Epic Games kuipeleka mahakamani mwaka 2020, kelele zikawa nyingi, ndipo wadogo wakashushiwa hadi 15 kuanzia 2021. Google ikafuata mwaka huohuo. Hawakuota huruma usingizini. Walibanwa.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 2022 LATRA ilitangaza kwamba kamisheni ya aplikesheni za usafiri isizidi asilimia 15. Nilifurahi, nakiri, maana si kila siku tunapata la kuisifu Serikali hii. Aprili Uber ikasimamisha huduma Tanzania. Mwaka haujaisha, LATRA ikageuka: asilimia 25, na ada ya 3 ya kuagiza safari juu yake. Januari 2023 Uber ikarudi. Dereva akabaki pale pale alipokuwa.

Wana Kagera tunajua vita inavyopiganwa, kwa sababu ilipiganwa kwetu. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia, daraja la Kyaka likavunjwa, Amin akatangaza ardhi ya kaskazini ya Mto Kagera kuwa yake. Mwalimu alipohutubia taifa Novemba 2 alisema mambo matatu: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Watu wanaikumbuka kama kauli tamu. Mimi naisoma kama orodha ya mwanasheria kabla hajafungua kesi. Na nyuma ya neno uwezo kulikuwa na kazi: mgambo wakaitwa, magari ya watu na mabasi yakachukuliwa kubeba askari. Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Makaburi ya Kaboya, hapo Muleba, yanaeleza gharama yake.

Simtukuzi Mwalimu kupita kiasi. Alituomba tufunge mkanda miezi 18, na bibi zetu wakapanga foleni ya sabuni miaka na miaka. Mkulima wa kahawa, ambaye ushirika wake Serikali hiyohiyo ilikuwa imeuvunja mwaka 1976, hakuwa hata na chombo chake cha kuuliza jasho lake limekwenda wapi. Hilo ni deni. Lakini angalau adui alitajwa kwa jina, na kiongozi hakutangaza vita halafu akarudi Mutukula kumwomba adui radhi.

LATRA walikuwa na sababu. Nia, tuseme walikuwa nayo kwa miezi kadhaa. Uwezo hawakuuandaa. Kampuni ikiondoka, dereva atakula nini? Abiria atapanda nini? Kesi ikifunguliwa, nani atajibu? Maswali hayo huulizwa kabla ya kutangaza asilimia.

Najua mtetezi wa CCM atasema: mngetaka kampuni zikimbie? Hebu avuke Namanga. Mwaka huohuo wa 2022 Kenya iliweka ukomo wa asilimia 18 kwa kanuni. Uber ikaenda mahakamani. Serikali haikurudi nyuma, na kabla mwaka haujaisha Uber wakashuka hadi 18. Kampuni ileile, mwaka uleule. Tofauti ni nani alikuwa amesimama upande wa pili.

Na silaha tunazo. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza matumizi mabaya ya nguvu ya soko, na Tume ya Ushindani, FCC, ipo kwa kazi hiyo. Kwa hiyo mimi na wenzangu watatu wa darasani tunaandika malalamiko. Tunataka LATRA waweke mezani hesabu iliyozaa 15 na hesabu iliyozaa 25, tuzilinganishe mstari kwa mstari.

Kama unaendesha, au una ndugu anayeendesha, piga picha za risiti za safari zako za mwezi mmoja: nauli, makato, kilichobaki. Futa majina na namba za abiria. Zitume kwa katibu wa vijana wa jimbo lako, uandike ni bajaji, pikipiki au gari. Kaka yangu ameshatuma za kwake, safari 61.