Leseni ya urubani si tikiti ya Dubai

Kama uko Wote, Mwingi au Kitui mjini na umemaliza kidato cha nne ukitamani kuwa rubani, stori unayouziwa naijua. Unasoma pale Wilson, unapata leseni, halafu hao, Dubai ama Doha, mshahara bila kodi. Mzee auze shamba, harambee ifanywe, pesa zitarudi. Ngoja kwanza tupige hesabu.

Leseni ya kibiashara inataka saa 200 hivi za kuruka, na kuipata ni mamilioni ya shilingi. Ile ya juu kabisa, ya nahodha wa ndege kubwa za abiria, inataka saa 1,500. Kampuni za Ghuba zikitafuta marubani wa kigeni, kwa kawaida zinataka watu wenye maelfu ya saa. Kati ya 200 na hapo kuna pengo, na wanaokuuzia ndoto hawaligusi.

Kingine, leseni ya KCAA haikuruhusu tu kurusha ndege iliyosajiliwa nchi nyingine. Lazima mamlaka ya huko iitambue, au uibadilishe kwa masharti yao. Hata mgeni akija kusaka kazi hapa kwetu, KCAA huikagua leseni yake na bado anahitaji kibali cha kazi.

Wengi hujaza pengo hapo Wilson kwa ndege ndogo: watalii Mara, misaada Sudan Kusini, miraa na mizigo Somalia. Saa zinaongezeka, lakini hatari ipo. Mei 4, 2020, ndege ya Kenya iliyobeba vifaa vya kupambana na corona ilitunguliwa na wanajeshi wa Ethiopia huko Bardale, Somalia. Watu 6 walikufa.

Na ukishafika Ghuba, usidhani umefika kabisa. Mwaka huohuo wa 2020, Emirates iliachisha kazi mamia ya marubani. Kwa mgeni, kazi ikiisha na kibali cha kuishi kinaisha. Unafunga virago, unarudi nyumbani.

Sisemi uache. Irene Koki Mutungi alianzia mafunzo Wilson, akaenda Marekani kutafuta leseni ya kibiashara, na mwaka wa 2014 akawa mwanamke wa kwanza Afrika kuwa nahodha wa Dreamliner. Lakini alikuwa ameruka karibu miaka 20 akiwa Kenya Airways.

Kwa hivyo, kabla shamba la miembe halijauzwa, fanya mambo mawili. Kapimwe kwanza afya ya daraja la kwanza, maana macho au moyo ukikukatalia, ada yote imeenda bure. Pili, iulize shule: waliomaliza miaka mitatu iliyopita, wangapi wanaruka leo, na wameajiriwa wapi? Wakianza kuzungusha maneno, rudi nyumbani na hati yako ya shamba.