Betri si chanzo cha umeme

KUTOKA UGHAIBUNI
Na Saumu Kibwana

Kila baridi inapopungua hapa Ohio, sisi Watanzania, Wakenya na Wakongomani tunaokutana kwenye harusi na misiba tunaanza kuulizana habari za trela. Siyo trela za mizigo. Ni zile ndogo za kulala, futi 16 au 18, unazofunga nyuma ya gari la familia ukaenda nazo porini Ijumaa na kurudi Jumapili. Ndani mna kitanda, sinki, jiko la gesi, friji, choo, na mahali pa kulaza watoto wawili. Watu huulizana inalaza wangapi, kisha inauzwaje. Swali ambalo halijawahi kufika masikioni mwangu kwenye mazungumzo hayo ni hili: umeme wake unatoka wapi, na usiku wa kwanza utaisha saa ngapi?

Wauzaji wana jibu lao: "Ina betri." Jibu hilo ndilo linalowalaza watu kwenye baridi. Betri haizalishi kitu. Ni pipa la maji: ulichochota leo kiliingizwa na mtu au kitu fulani jana, na kama hakuna kinachoingiza, pipa litakauka tu. Vyanzo ni vingine kabisa: nguzo ya umeme kambini, gari linalovuta, jua, jenereta, na mtungi wa gesi uliofungwa pale mbele. Anayenunua trela bila kujua kila kimoja kinaleta kiasi gani amenunua kibanda chenye magurudumu.

Tuhesabu kwa uniti, ileile ya LUKU au ya tokeni za Kenya Power, maana kila mmoja wetu anajua uniti moja inavyouma. Betri ya kawaida ya asidi yenye volti 12 na Ah 100 inabeba uniti moja na nukta mbili. Ila betri ya aina hiyo haitakiwi kushushwa chini ya nusu. Ukizoea kuikausha, inakufa mapema. Kwa hiyo unachoweza kutumia ni nukta sita ya uniti. Trela nyingi ndogo hutoka dukani na betri ndogo kuliko hiyo. Sasa weka mezani matumizi yake. Friji mpya za volti 12, zile zenye kompresa, hula karibu nusu uniti kwa siku. Kiyoyozi cha BTU 13,500 kinaimeza betri nzima, pamoja na ile nusu isiyotakiwa kuguswa, ndani ya saa moja. Birika la wati 1,500 likichemka dakika 10 limekula robo uniti, na hayo ni maji ya chai tu.

Ndani ya trela mna mifumo miwili ya umeme, na hapa ndipo wengi hupotea. Taa, pampu ya maji, feni ya hita na king'ora cha gesi hutumia volti 12 za betri. Soketi za ukutani, maikrowevu na kiyoyozi hutaka volti 120, umeme wa nyumba za huku. Kifaa kiitwacho konveta huchukua 120 za nguzo, kikazishusha hadi 12 na kuchaji betri. Inveta hufanya kinyume chake. Trela nyingi ndogo zina konveta na hazina inveta, kwa hiyo ukichomoa waya wa nguzo, soketi zote zinakufa hata kama betri imejaa pomoni. Nimewaona watu wakifungua kisanduku cha fyuzi na kukagua moja moja, wakitafuta hitilafu ambayo haipo.

Wenzetu waliokulia Siaya, Sumbawanga au Bukavu kwenye nyumba yenye paneli moja juu ya bati hawahitaji somo hili. Wanajua kwamba taa na chaji ya simu hutoka moja kwa moja kwenye volti 12, televisheni hupitia inveta, na pasi haiguswi. Wanajua mechi ikienda dakika za nyongeza, mtu atalala gizani. Ujuzi huo wameuacha uwanja wa ndege kana kwamba ni wa shida za nyumbani tu, nao ndio hasa unaotakiwa kwenye trela. Mama aliyelea watoto kwa taa ya sola angemfundisha muuzaji yeyote wa huku.

Nguzo ya kambini ndiyo chanzo kinene kuliko vyote. Trela ndogo huwa na waya wa ampea 30 wenye plagi ya pini tatu, nao unaruhusu hadi wati 3,600 kwa mpigo. Hapo kiyoyozi kinafanya kazi, betri inachaji, na maikrowevu inapasha chakula, mradi usiongeze birika. Soketi ya kawaida ya nyumba za Marekani inaishia wati 1,800, zaidi kidogo ya nusu ya ile tuliyoizoea nyumbani yenye plagi ya ampea 13. Anayechomeka trela kwenye gereji yake kwa ekstensheni nyembamba, kisha akawasha kiyoyozi, ataikuta plagi imekuwa ya moto.

Kuna hatari nyingine ya kusemwa kwa sauti. Ile soketi ya ampea 30 inafanana machoni na soketi ya zamani ya mashine ya kukaushia nguo, yenye volti 240. Fundi asiyezijua trela akiombwa afunge "soketi ya ampea 30" uani, huweza kuifungia 240 akidhani ndivyo inavyotakiwa. Plagi inaingia vizuri kabisa, na papo hapo konveta, maikrowevu na kila kilichowashwa vinaungua. Mwambie fundi kwa maneno haya: ampea 30, volti 120. Kisha apime mbele yako kabla hujachomeka.

Gesi ndiyo ninayoiheshimu kuliko watu wengi wanavyoiheshimu. Mtungi wa kilo 9 za propani una joto la uniti 120 na ushee. Ni sawa na betri mia moja za Ah 100, kwenye kitu ambacho mtu mzima anakibeba kwa mkono mmoja. Ndiyo maana kupika, kupasha maji na kupasha chumba joto ni kazi za gesi, na anayenunua hita ya umeme ili aiendeshe kwa betri anapoteza fedha. Hata friji iliweza kuendeshwa kwa gesi. Mwaka 1922 vijana wawili wa Uswidi, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni friji inayopoza kwa kuchemsha: mwali mdogo unapasha mchanganyiko wa amonia na maji, na ubaridi unapatikana bila mota wala kompresa. Wauguzi wa zahanati zetu za vijijini walizijua vizuri friji za jamii hiyo, zile za mafuta ya taa zilizotunza chanjo mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika. Kwa miaka mingi trela zilikuwa na friji za namna hiyo, za gesi, na betri moja ikatosha. Sasa watengenezaji wengi wameweka friji za volti 12, ambazo kweli hupoza haraka na hazisumbui trela ikiinama, lakini mara nyingi betri imebaki ileile ya zamani. Mzigo umeongezwa na mnunuzi hakuambiwa.

Hita ya gesi nayo ina siri yake. Oktoba moja tulikuwa Hocking Hills, kusini mashariki mwa Ohio, kwenye kiwanja kisicho na nguzo. Saa kumi alfajiri hita ya shemeji yangu ikaanza kulia tik, tik, kisha kimya, kisha tik tena. Akatoka nje na tochi, akatikisa mtungi, akarudi ananiuliza, "Shemeji, gesi imejaa, mbona haiwaki?" Mita ya betri ilisoma volti 11.4, ilhali betri iliyojaa, ikiwa imetulia, husoma 12.6 au zaidi. Ndani ya hita ile kuna kibao chembamba kinachosukumwa na upepo wa feni. Feni isipozunguka kwa nguvu, kibao hakifiki mahali pake, na kisipofika, hita hairuhusu gesi kuwaka. Ni kinga nzuri. Lakini maana yake ni kwamba mtungi uliojaa haumpi mtu joto iwapo betri imelala, na betri ilikuwa imeliwa na friji tangu jioni.

Shemeji akanyoosha mkono awashe jiko ili chumba kipate joto, madirisha yote yakiwa yamefungwa na watoto wamelala. Nilimzuia. Nyumbani tumezika familia zilizolala na jiko la mkaa ndani ya chumba, na tunalijua jambo hilo vizuri mno, hatupaswi kulirudia kwa sababu tu jiko ni la kizungu. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Inatoka kwenye jiko la trela kama inavyotoka kwenye mkaa, na inatoka kwa wingi zaidi kwenye jenereta. Jenereta isimame mita sita au zaidi kutoka kwenye trela, moshi wake ukielekea mbali na madirisha yako na ya jirani, na isiwekwe kamwe chini ya turubai la mlangoni eti mvua inanyesha. King'ora kinachopiga kelele usiku hakichomolewi ili watu walale. Watu wanatoka nje kwanza.

Jua ndilo linalouzwa kwa maneno matamu. Mwaka jana nilimsindikiza rafiki kwenye uwanja wa muuzaji mmoja ambaye simtaji. Ubavuni mwa trela palibandikwa maandishi makubwa kwamba iko tayari kwa sola. Rafiki yangu akapanda ngazi akachungulia paa: kuna kiyoyozi, feni, antena, paneli hakuna. Tukafunua kifuniko kidogo ubavuni, ndani tukakuta tundu lenye pini mbili na waya unaokwenda kwenye betri. Hilo ndilo lililokuwa "tayari". Paneli, kontrola ya chaji na kebo ni juu ya mnunuzi, na akikosea chanya na hasi kwenye tundu hilo, anaunguza kifaa siku ya kwanza. Kuuza tundu kwa jina la sola ni kumhadaa mnunuzi, hata kama sheria inaruhusu.

Na ukishanunua paneli, usiipigie mwaka mzima hesabu ya jua la Dar es Salaam. Paneli ya wati 100 iliyolala juu ya paa huleta karibu robo tatu ya ile nusu ya betri inayotumika katika siku nzuri ya Afrika Mashariki. Hapa Ohio, siku safi ya Julai, unaweza kupata karibu kiasi hicho. Desemba jua la saa sita mchana linapita chini kabisa upande wa kusini, mchana wenyewe ni mfupi, na unachopata ni sehemu ndogo ya hicho. Kivuli cha mti mmoja kinatosha kuua mavuno ya asubuhi nzima, na kambi nzuri zote zina miti.

Gari linalovuta huchaji kidogo sana kupitia plagi ya pini saba. Waya ni mwembamba na safari ni ndefu, hivyo ampea tano hadi kumi ndizo zinazofika. Saa nne za barabarani zinaweza zisirudishe hata nusu ya kilicholiwa usiku. Kuna chaja maalumu inayofungwa kati ya gari na trela kuongeza kiasi hicho, na kwa mtu anayesafiri kila siku naiona ni bora kuliko jenereta.

Lakini sababu iliyonifanya niandike wiki hii siyo starehe. Mbele ya trela yenye breki za umeme kuna kamba nyembamba ya chuma iliyofungwa kwenye gari. Trela ikichomoka barabarani, kamba hiyo inavuta pini ya swichi, na breki za trela zinakamata zenyewe. Zinakamata kwa umeme wa betri ya trela. Betri ikiwa imekufa, kilo 1,500 za bati na mbao zinaendelea kwenda zinakotaka, na nyuma yako kuna gari la mtu mwenye watoto. Nawafahamu watu wanaong'oa betri iliyochoka ili kupunguza uzito, kisha wanaondoka na trela hivyohivyo kuipeleka kwa fundi.

Ninachodai ni karatasi moja. Kila muuzaji, wa trela mpya au za mtumba, aandike na kuibandika ndani ya kabati la trela: betri inatoa uniti ngapi za kutumika, vifaa vilivyofungwa vinakula ngapi kwa siku moja ya baridi, na kila chanzo kilichomo kinarudisha kiasi gani. Hesabu hiyo haimchukui fundi hata nusu saa. Wauza magari hubandika matumizi ya mafuta kwenye kioo cha kila gari jipya kwa sababu sheria iliwalazimisha, na nyumba ya kulala watoto inastahili angalau hilo. Mpaka ilazimishwe, mnunuzi aiombe kwa maandishi kabla ya kutoa malipo ya kwanza, na muuzaji akishindwa kuitoa, aende kwa mwingine.

Walio na trela tayari, msimu wa kuziegesha unaingia. King'ora cha gesi na vikorokoro vingine vinaendelea kunyonya betri hata kila swichi ikiwa imezimwa, na katika wiki chache huimaliza. Betri ya asidi iliyoishiwa chaji huganda na kupasuka kwenye baridi, iliyojaa huvumilia. Ichaji ijae, kata waya wa hasi, uikague kila mwezi. Mwenye betri ya lithiamu aiingize ndani ya nyumba, na asiichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri za Selsiasi. Machi, kabla hujafunga trela nyuma ya gari, rudisha waya, pima volti, halafu vuta ile pini ya breki kwa mkono na usukume trela uone kama magurudumu yameshika.